Shimo Lililojaa: Uchambuzi wa Kisa cha Hallsands, 1897–1917

Ukichimba shimo kwenye changarawe iliyo chini ya maji, shimo hujaa. Halihitaji miaka. Maji ya bamvua yakija na upepo ukivuma siku mbili tatu, pale palipochimbwa panaanza kusawazika. Aliye juu ya meli akitazama huona jambo la kumfurahisha: bahari imerudisha kilichochukuliwa, kazi iendelee. Kisa cha kijiji cha Hallsands, kusini mwa Devon nchini Uingereza, kinaanzia hapo. Lilikuwepo swali moja la kuulizwa, nalo halikuulizwa kwa ukali uliostahili: hiyo changarawe inayojaza shimo inatoka wapi?

Hallsands kilikuwa kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya genge na bahari, kaskazini kidogo ya rasi ya Start Point, kwenye pembe ya kusini ya ghuba iitwayo Start Bay. Sensa ya 1891 ilihesabu hapo nyumba 37 na watu 159. Nyumba zilisimama juu ya ukingo mwembamba wa mwamba, mgongo kwenye genge, uso kwenye maji. Mbele yake ulitandaa ufuko mpana wa changarawe, yaani vijiwe vya mviringo vilivyosuguliwa na mawimbi. Ufuko huo ndio uliokuwa bandari: mashua ziliburutwa hadi juu yake, na zana zote za uvuvi zilikaa hapo. Aliyeishi Hallsands aliishi kwa hisani ya changarawe, na alilijua hilo kabla ya mhandisi yeyote kufika.

Miaka ya 1890 jeshi la wanamaji la Uingereza lilikuwa linapanua bandari yake ya Keyham, Plymouth. Vyelezo vipya na kuta za gati vilihitaji zege nyingi, na zege haifanyiki bila changarawe. Ile ya Start Bay ilikuwa imeshavunjwa, imesuguliwa na kuoshwa na bahari yenyewe. Kilichobaki ni kuichota na kuipakia. Mkandarasi, kampuni ya Sir John Jackson, akapata leseni kutoka Bodi ya Biashara, idara ya serikali iliyosimamia mambo ya pwani, ili achimbe mbele ya Hallsands na mbele ya kijiji jirani cha Beesands. Kazi ikaanza Aprili 1897. Siku za kazi nzuri zilitolewa hadi tani 1,600.

Wavuvi walilalamika mapema sana. Uchunguzi ukafanyika mwaka huohuo, na jibu lake likawa kwamba uchimbaji hauelekei kukihatarisha kijiji. Meli zikaendelea. Kufikia 1900 ufuko ulikuwa umeshuka kiasi cha kuonekana kwa macho, na dhoruba za vuli ya mwaka huo zikabomoa sehemu ya ukuta wa bahari. Novemba wanakijiji wakamwandikia mbunge wao. Machi 1901 halmashauri ya wilaya nayo ikaandika, ikilalamikia barabara iliyoharibika. Septemba 1901 mkaguzi mpya akaja, akatazama, akasema wazi kwamba dhoruba kali nyingine inaweza kuleta madhara makubwa na kwamba uchimbaji usimamishwe. Leseni ikafutwa tarehe 8 Januari 1902.

Zinazofuata ni dhoruba, nyumba za kwanza kuanguka, madai ya fidia yaliyochukua miaka, na ukuta mpya wa zege. Kisha usiku wa tarehe 26 Januari 1917 upepo mkali wa mashariki ukakutana na maji yaliyojaa kupita kawaida, ulinzi wa kijiji ukavunjika, na mwaka ulipokwisha ikabaki nyumba moja tu ya kukalika. Hakuna aliyekufa. Mwanamke mmoja aliendelea kuishi katika nyumba hiyo hadi alipofariki mwaka 1964.

Ndiyo hadithi inayosimuliwa kwa kawaida, na mara nyingi husimuliwa kama kisa cha wakubwa walioonea wadogo. Uonevu ulikuwepo, sikatai. Ila kwa anayejifunza pwani, kisa hiki kina jambo kubwa zaidi ndani yake, nalo ni kwamba pwani ilisomwa vibaya.

Ghuba moja, pwani za aina nne

Vitabu vya shule hugawa pwani katika mafungu: pwani zilizozama na zilizoinuka, pwani za mmomonyoko na za ulimbikizaji. Mgawanyo huo una faida yake mtu anapoanza, lakini ukitembea kutoka mlango wa mto Dart hadi Start Point, mwendo unaomalizika kwa siku moja, utayakuta yote manne yamekaa bega kwa bega.

Mlango wa mto Dart ni bonde lililozama. Wakati wa kilele cha enzi ya mwisho ya barafu, yapata miaka 20,000 iliyopita, usawa wa bahari ulikuwa chini ya ule wa leo kwa karibu mita 120. Mito ilichonga mabonde yake kuelekea bahari iliyokuwa mbali. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikapanda na kuyajaza mabonde hayo maji, ikaacha hori ndefu zenye kina na kingo za mwinuko. Umbo hilo lina matokeo ambayo watu huyasahau: mto ukiingia kwenye hori ndefu na tulivu hupoteza kasi, na mawe yake hubaki humo ndani. Dart haileti changarawe Start Bay. Upande wa pili wa Start Point kuna hori ya Kingsbridge, nayo ni bonde lililozama vilevile. Kwa hiyo mto ufutwe kwenye orodha ya watoaji.

Ukiendelea kusini unaingia kwenye pwani ya ulimbikizaji: ufuko mrefu wa changarawe wa Slapton, ulionyooka kama kamba, na nyuma yake ziwa la maji baridi, Slapton Ley. Ukanda huu ulisukumwa kuelekea nchi kavu na bahari iliyokuwa ikipanda, kidogo kidogo, dhoruba moja baada ya nyingine. Mawimbi makubwa hurusha vijiwe juu ya mgongo wa ufuko, vikaangukia upande wa nyuma, na ukanda mzima hubingirika kuelekea bara kama zulia linalokunjwa. Bahari ilipopunguza mwendo wa kupanda, ukanda ukasimama karibu na hapo ulipo leo, ukayafungia maji ya vijito nyuma yake.

Kufika Hallsands na Start Point, pwani inageuka ya mmomonyoko: magenge ya shisti, mwamba mgumu wenye kung'aa kwa vipande vya mika, ambao mawimbi huulia nyufani. Maji yanapoingia kwa kishindo katika ufa, hewa iliyomo hubanwa, kisha huachiliwa ghafla, na ufa hupanuka. Kazi hiyo kwenye mwamba mgumu ni ya karne nyingi, na mawe inayoyatoa ni machache.

Aina ya nne ndiyo iliyobeba kijiji. Ule ukingo ambao nyumba zilijengwa juu yake ni sakafu ya mwamba iliyokatwa na mawimbi wakati bahari iliposimama juu kuliko leo, kabla ya enzi ya mwisho ya barafu. Juu yake ulibaki mchanga wa ufuko wa kale, na juu ya mchanga huo kifusi kilichoteremka kutoka mlimani wakati wa baridi kali. Ni pwani iliyoinuka, basi, katika ghuba ambayo mito yake imezama. Wanafunzi wengi huona huo ni mgongano. Ni nyakati mbili tofauti tu zilizoacha alama mahali pamoja.

Kijiwe mkononi

Okota changarawe ya Start Bay. Sehemu kubwa ya unachoshika ni gumegume, lile jiwe gumu la kahawia au kijivu linalotoa cheche likigongwa, pamoja na kwatzi. Sasa inua uso utazame genge lililo nyuma ya Hallsands. Ni shisti. Hakuna gumegume humo.

Kwangu huu ndio ushahidi mkuu wa kisa kizima, na haukuhitaji chombo chochote cha kisasa. Ulikuwepo chini ya viatu vya kila aliyekwenda kuchunguza mwaka 1897. Kama genge la sasa halina jiwe hilo na mto wa sasa haulileti, basi changarawe hiyo haizalishwi tena. Ni masalia: mawe yaliyotawanyika kwenye sakafu ya Mkondo wa Uingereza, ile bahari iliyo kati ya Uingereza na Ufaransa, wakati ilipokuwa nchi kavu, yakazolewa na bahari iliyopanda, yakaletwa hadi ufukoni na kuachwa hapo. Zoezi hilo lilifanyika mara moja na likaisha maelfu ya miaka iliyopita.

Mfanyabiashara yeyote anajua tofauti kati ya mapato na akiba. Mapato ukiyatumia leo, kesho yanakuja mengine. Akiba ukiila, imeliwa. Leseni ya 1896 ilitolewa kana kwamba Start Bay ina mapato, na mwenendo wa mashimo ukaonekana kuithibitisha dhana hiyo, kwa sababu yalijaa.

Yalijaaje? Ufuko wa changarawe si rundo lililokaa ovyo. Una mteremko wake, ambao mawimbi huurekebisha kila siku, kutoka mgongo wa juu hadi chini ya maji ya kupwa. Ukitoa mawe chini, mteremko unakuwa mkali kuliko mawimbi yanavyoruhusu, na ya juu huteremka kuziba. Shimo hujaa kwa kuula ufuko uleule unaokusudia kuulinda. Mchimbaji huja tena, akakuta pamejaa, akachota tena. Kila akichota, mgongo wa juu unashuka bila yeye kuugusa. Nadhani hata mtu mwaminifu kabisa, akisimama kwenye meli na si mlangoni pa nyumba, angedanganyika.

Kuna kingine kilichochangia kudanganya. Ndani ya ghuba hii changarawe husafiri, na husafiri pande zote mbili. Mawimbi ya Atlantiki kutoka kusini-magharibi hupinda yanapozunguka Start Point, yakapiga ufuko kwa mshazari na kusukuma vijiwe kuelekea kaskazini. Upepo wa mashariki ukivuma kwa muda, vijiwe hurudi kusini. Kwa hiyo mwaka mmoja Hallsands hunenepa, mwaka mwingine hukonda. Mwaka 1902, baada ya meli kuondoka, ufuko ulipanda kidogo, na bila shaka wapo waliopumua. Kisha ukaja msimu wa baridi na ukaupeleka chini tena. Anayepima ufuko kama huo kwa mwaka mmoja au miwili anapima mwendo wa changarawe kutoka pembe hadi pembe, na jumla ya ghuba yote haijui.

Jumla hiyo ilikuja kukadiriwa na Richard Hansford Worth, mhandisi na mwanajiolojia wa Plymouth, aliyeifuatilia Hallsands kwa miaka mingi: takriban tani 650,000 zilizotolewa. Tuifanye ionekane. Changarawe iliyolala ina uzito wa tani moja na nusu na ushei kwa mita ya ujazo, hivyo tunazungumzia karibu mita za ujazo 400,000. Ukizitandaza kwenye ufuko wa urefu wa kilomita moja na upana wa mita 100, unapata tabaka la mita 4. Ufuko mbele ya nyumba ulishuka kwa kiasi kinacholingana na hesabu hiyo ya haraka: mita tatu, nne, na pengine zaidi.

Mita nne za maji

Mita nne hufanya nini? Hapa fizikia ni rahisi na haina huruma.

Wimbi linapofika maji mafupi huvunjika pale kimo chake kinapokaribia asilimia 80 ya kina cha maji. Maana yake, kina kilicho mbele ya ukuta ndicho kinachoamua wimbi kubwa kiasi gani linaweza kuufikia ukuta likiwa zima. Maji yakijaa na kina mbele ya ukuta kikawa mita 1, mawimbi makubwa yote yameshavunjika mbali na yaliyobaki hayazidi sentimita 80. Shusha ufuko mpaka kina kiwe mita 4, na wimbi la mita 3 linafika mlangoni likiwa limesimama. Nishati ya wimbi huenda kwa mraba wa kimo. Kimo mara nne, nishati mara kumi na sita. Bahari haikuongezeka nguvu baada ya 1897. Kilichoondoka ni kile kilichokuwa kikiichosha kabla ya kufika.

Changarawe ina ubora mwingine ambao mchanga hauna, na ambao zege haina hata chembe. Wimbi linapopanda juu ya ufuko wa changarawe, maji mengi huzama katikati ya vijiwe. Yanayorudi ni machache na dhaifu, hayana uwezo wa kuvuta mawe yote yaliyopandishwa. Ndiyo sababu fukwe hizi huwa na mwinuko mkali na mgongo mrefu juu: wimbi hupandisha kwa nguvu na kushusha kwa udhaifu. Ufuko wa namna hiyo hujijenga kwa wimbi lilelile linaloupiga. Ukuta wa zege hufanya kinyume. Haunywi maji, huyarudisha yote, na yanaporudi kwa kishindo hukwangua kilichobaki chini yake. Ukuta mpya wa Hallsands ulijengwa kwa nia njema baada ya ufuko kuondoka, lakini ukuta uliosimama mbele ya maji ya kina kirefu ni mtu aliyeachiwa kazi ya watu kumi.

Halafu kulikuwa na udhaifu uliofichwa chini ya sakafu za nyumba. Ile sakafu ya mwamba haikuwa kipande kimoja. Ilikatwa na nyufa pana zilizojazwa na mchanga wa ufuko wa kale, na nyumba zilijengwa juu ya vyote, mahali mwamba, mahali mchanga. Kwa vizazi mchanga huo ulitulia kwa sababu changarawe ya mbele iliufunika na mawimbi hayakuufikia. Changarawe ilipokwenda, maji yakapata mlango. Yaliingia nyufani, yakautoa mchanga kutoka chini, na nyumba iliyosimama juu ya utupu ikaanza kupasuka kabla hata haijapigwa usoni. Nyumba mbili za jirani zingeweza kuwa na hatima tofauti kabisa, na waliozijenga wasingejua.

Je, dhoruba isingekuja hata hivyo?

Ingekuja, na ilishawahi kuja. Hoja ya upande wa pili lazima ipewe nafasi yake. Kijiji kilichokaa kwenye ukingo wa miamba, bila pa kurudi nyuma, mbele ya bahari iliyo wazi upande wa mashariki, kilikuwa mahali pa hatari tangu siku ya kwanza. Fungu la Skerries, lililotanda nje ya Start Point kuelekea kaskazini-mashariki, huvunja sehemu ya mawimbi ya kusini, lakini matlai ikivuma kwa nguvu hakuna cha kuizuia. Mtu anaweza kusema: zile meli ziliharakisha tu kilichokuwa kimeandikwa.

Nina jibu moja, nalo limo katika ile sensa niliyoitaja. Machi 1891, wiki chache kabla ya sensa ya Aprili, kusini-magharibi mwa Uingereza kulipigwa na tufani ya theluji yenye upepo mkali wa mashariki. Meli kadhaa zilivunjika kwenye miamba ya Start Point na jirani yake, na mabaharia wengi walikufa. Dhoruba hiyo ilitoka upande uleule, kwenye kipande kilekile cha pwani. Mwezi uliofuata wahesabu watu walizikuta nyumba 37 zimesimama na watu wakiishi ndani yake.

Dhoruba mbili hazifanani kama pacha. Kimo cha maji hutofautiana, saa ya maji kujaa hutofautiana, muda wa upepo hutofautiana, na ya 1917 iliangukia kwenye maji makubwa mno. Hata hivyo tofauti iliyo kubwa kuliko zote kati ya Machi 1891 na Januari 1917 ni tani 650,000. Ningekuwa kwenye kiti cha hakimu, ningesema kuwa upepo ulitoa pigo na uchimbaji uliondoa ngao, na ningeandika fidia kwa yule aliyeondoa ngao. Kwamba siku moja, baada ya karne kadhaa, ngao hiyo ingechakaa yenyewe, hilo halipunguzi hata senti.

Beesands, jirani aliyechimbiwa vilevile, bado ipo. Huu ni ulinganisho mzuri kwa sababu wachimbaji ni walewale na bahari ni ileile. Beesands imekaa juu ya mgongo wa ufuko penye nafasi, na nyuma yake kuna bonde dogo lenye ziwa. Ufuko wake ukipigwa una pa kusogea, na watu wana pa kurudi. Leo inalindwa na mawe makubwa yaliyopangwa mbele yake, hivyo si kwamba imesalimika bila gharama. Hallsands haikuwa na nyuma. Ukanda wa changarawe unaosukumwa dhidi ya genge hauwezi kubingirika kwenda popote, hupungua tu.

Slapton nayo inaonyesha kwamba mambo haya hayakuisha na kijiji. Barabara inayopita juu ya mgongo wa changarawe, kati ya bahari na ziwa, ilikatwa na dhoruba ya mashariki Januari 2001, na ikakatwa tena Machi 2018. Mfululizo wake unafundisha. Msimu wa baridi wa 2013–2014 ulileta dhoruba nyingi za kusini-magharibi, zikasukuma changarawe kuelekea kaskazini ya ghuba na kuiacha pembe ya kusini imekonda. Miaka michache baadaye upepo wa mashariki ukaja, ukakuta ngozi bila nyama. Hakuna aliyechimba safari hii. Ghuba yenye akiba isiyoongezwa inaweza kupatwa na msiba kwa sababu tu akiba hiyo imehamia upande mwingine wa nyumba, na inapokuwa imeshapunguzwa kwa mkono wa mtu, kila uhamaji unauma zaidi.

Swali la Hallsands, yaani mashapo (changarawe, mchanga na tope) yanatoka wapi na yanakwenda wapi, lina majibu tofauti kila pwani, na hapo ndipo aina za pwani zinapopata maana ya kweli. Holderness, mashariki mwa Uingereza, magenge ni ya udongo laini ulioachwa na barafu, na hurudi nyuma kwa wastani wa karibu mita 2 kwa mwaka. Huko kuna mapato, tena ya kutisha: udongo unaoliwa ndio unaolisha ulimi wa mchanga wa Spurn ulio kusini yake, kwa hiyo ukizuia genge lisiliwe unamnyima chakula jirani. Kwenye delta ya Nile mapato yaliletwa na mto. Bwawa kuu la Aswan lilipoanza kushika maji miaka ya 1960, tope lilibaki nyuma yake, na ncha ya Rosetta ikawa inaliwa kwa makumi ya mita kila mwaka. Chesil, mashariki zaidi kwenye pwani hiyohiyo ya kusini ya Uingereza, ni ndugu wa Start Bay: ukanda mrefu wa changarawe ya kale ambao hauna mtoaji wa maana leo. Ukimpa mtu picha za fukwe za Chesil na Spurn, ataziweka kwenye fungu moja la pwani za ulimbikizaji. Ukimwonyesha hesabu zake za mashapo, hatathubutu.

Mkaguzi wa 1901 anastahili neno lake. Alifika akakuta watangulizi wake wameshasema hakuna hatari, mradi wa jeshi uko katikati na mkandarasi ana leseni mkononi, akaandika alichokiona. Uamuzi wake ulitekelezwa ndani ya miezi minne. Hata hivyo ulichelewa, kwa kuwa ufuko wa masalia haurekebishiki kwa kusimamisha uchimbaji. Unaacha tu kuzidi kuharibika. Kama kuna kosa la pili katika kisa hiki baada ya kutolewa leseni, ni kudhani kwamba kuifuta kungerudisha hali ya mwanzo. Fedha zilikwenda kwenye ukuta. Wazo la kurudisha changarawe kutoka baharini na kuimwaga ufukoni, jambo ambalo leo hufanywa kwenye pwani nyingi, halikuwa la zama zile, na hata lingekuwepo, ingebidi kwanza mtu akiri kwamba bahari yenyewe hairudishi.

Zaidi ya miaka mia moja imepita. Ufuko wa mbele ya magofu haujarudi kuwa ule wa 1896, na maji yakijaa huyafikia mawe ya msingi bila kukutana na chochote. Upanuzi wa Keyham ulikamilika mwaka 1907, na bandari hiyo ya kijeshi bado inatumika. Gumegume ya Start Bay imo humo, imeganda ndani ya kuta za gati.